Waume Kumi na Wanane wa Sikudhani

Jumatatu asubuhi Sikudhani alikuwa anachagua mchele kwenye ungo simu yake ilipolia mlio wa benki. Akapangusa vidole kwenye kanga, akasoma: "Benki ya Tunakujua inakutakia kila la heri katika ndoa yako ya kumi na tisa. Kwa kuwa wewe ni mteja unayeolewa mara kwa mara, tumekupunguzia asilimia nne kwenye bei ya shela. Tunakujua kabla hujajijua."

Aliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha akacheka mpaka mchele ukamwagika. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hakuwahi kuolewa hata mara moja. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Akampigia mchumba wake, Kibwana, fundi majokofu, mtu mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Benki inasema wewe ni wa kumi na tisa," akamwambia.

Kibwana alikuwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu la mtu, kwa hiyo sauti yake ilitoka kama ya mzimu. "Hao wengine wako wapi? Waambie waje wanisaidie kubeba kabati."

Wakacheka wote wawili, wakaliacha hapo. Hawakujua kwamba katika nchi yao benki ilikuwa imeacha kufanya mzaha tangu mwezi wa tatu.

*

Nchi yenyewe ilikuwa na serikali sikivu. Ilisikia kila kitu, na kile isichokisikia ilikiona kwenye risiti. Mwezi huo wa tatu Benki ya Tunakujua ilifunga mtambo uitwao Mjuzi, wenye kazi ya kukusanya kila kinachonunuliwa na kila mteja, saa ngapi, wapi, na alirudi kununua tena baada ya siku ngapi, kisha kutoka humo kumfahamu mteja kuliko mama yake mzazi. Ili Mjuzi asikose habari, ilipigwa marufuku kulipa kwa noti na sarafu. Hata kiberiti kililipiwa kwa simu.

Siku ya uzinduzi alihutubia Waziri wa Fedha, Takwimu na Hisia za Wananchi, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Malogo. "Zamani benki ilimtambua mteja kwa sura na saini," alisema. "Lakini sura huzeeka na saini hutetemeka. Kuanzia leo tutamjua mteja kwa mwenendo wake, kwa maana ya kwamba, kimsingi, katika muktadha wa data kubwa, na kwa kuzingatia mawanda mapana ya uelewa wetu mpana, tutamjua." Wananchi wakapiga makofi kwa kuwa walikuwa wamekaa juani na makofi yalikuwa dalili ya kwenda nyumbani.

Matunda yakaonekana upesi. Mzee mmoja aliyenunua dawa za maumivu ya kichwa mara tatu katika wiki moja alitumiwa picha za majeneza, la mninga na la msonobari, achague angali na nguvu za kuchagua. Mwalimu aliyekuwa akinunua chaki kwa mshahara wake akaandikishwa kuwa mfanyabiashara wa chaki, akadaiwa leseni. Waziri mwenyewe, ambaye kwenye akaunti yake hakukuwa na manunuzi yoyote isipokuwa vocha ya shilingi mia tano kila mwezi, kwa kuwa mengine yote alinunuliwa, aliwekwa katika kundi la mafukara, akawa anapelekewa unga wa msaada. Aliupokea kila mwezi, kwa heshima ya sayansi.

Baadaye Bunge likapitisha sheria kwamba neno la Mjuzi liko juu ya cheti chochote. Vyeti huandikwa na binadamu, na binadamu, Bunge lilisema huku likijitazama, hawaaminiki. Ofisi zote za serikali zikaunganishwa na mtambo, ikiwamo ile ya kuandikisha ndoa.

*

Jumatano Sikudhani na Kibwana walikwenda kwa Msajili wa Ndoa na Vifo wa kata yao, kata iitwayo Nyuma ya Soko kwa sababu iko nyuma ya soko. Msajili aliitwa Bwana Nyangasa. Alikuwa na meza mbili, moja ya ndoa na moja ya vifo, na kiti kimoja cha magurudumu kilichomhamisha kutoka furaha kwenda huzuni bila kusimama.

"Mama," alisema baada ya kukodolea macho kompyuta kwa muda, "siwezi kukuozesha. Una waume kumi na wanane, wote hai."

Sikudhani akamwangalia Kibwana. Kibwana akaangalia dari.

"Mimi ni mweka hazina," Sikudhani alisema. "Hizo ni harusi za watu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika nchi ile hakuna aliyeoa kwa fedha zake mwenyewe. Ingekuwa ni kama mtu kujinyoa kisogo. Miezi mitatu kabla ya harusi huundwa kamati, yenye mwenyekiti wa kuongea, katibu wa kuchelewa na mweka hazina wa kulaumiwa. Michango ya ukoo, ya majirani, ya wafanyakazi wenzake bwana harusi, na ya yule mtu aliyewahi kukaa naye foleni moja hospitalini, yote hutumwa kwenye akaunti ya mweka hazina, naye hulipia ukumbi, keki, shela na matarumbeta. Mweka hazina wa zamani wa Nyuma ya Soko alitoweka na fedha za turubai, akaja kuonekana kwenye runinga akifungua semina ya uadilifu. Sikudhani, yeye, aliwahi kurudisha shilingi mia saba zilizobaki kwenye mkaa. Tangu siku hiyo hakupumzika. Katika miaka miwili alikuwa ametunza hazina za kamati kumi na nane, na ilipofika zamu yake ya kuolewa, kamati ilijadili kwa saa nne ni nani mwingine anayeaminika, ikamrudishia kazi yeye mwenyewe.

"Keki kumi na nane," Msajili alisoma. "Shela kumi na nane. Matarumbeta mara kumi na nane. Yote umelipa wewe."

"Keki nilikula kipande kimoja kimoja, kama mgeni mwingine. Pale kwa binti wa Mzee Chambuso sikupata hata hicho."

"Kipande hakipo kwenye mtambo, mama. Keki ipo."

"Hao waume wana majina?"

"Mjuzi hashughuliki na majina. Anashughulika na mwenendo." Msajili akashusha sauti, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Niletee talaka kumi na nane, au vyeti vya vifo kumi na vinane, au barua ya benki. Halafu nitagonga mhuri hapohapo."

"Ni lazima tuwe na cheti kabla ya Jumatatu," Kibwana alisema, na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba.

Alikuwa na haki ya kuhutubia. Alikuwa amepata mkataba wa miaka miwili kwenye kiwanda cha barafu huko Mpakani, mwendo wa siku moja na nusu, na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Kiwanda kilikuwa kinatoa nyumba kwa mfanyakazi mwenye cheti cha ndoa tu. Asiye nacho alilala bwenini na wanaume wenzake, na mgeni wa kike hakuruhusiwa kupita geti. Bila cheti, Kibwana angeondoka peke yake. Sikudhani alikuwa amesubiri miaka mingi kumpata mtu anayemsikiliza, na hakuwa tayari kuianza ndoa kwa kupiga simu kila Jumapili.

*

Alhamisi alikwenda benki. Alipokewa na Mkuu wa Idara ya Kumwelewa Mteja, kijana mnadhifu aitwaye Lameki, aliyefunga tai nyembamba kama utambi.

"Shikamoo, Bi Sikudhani," Lameki alisema. "Nimefurahi kukuona. Kwenye makao makuu wewe ni maarufu sana. Tunakutumia kufundishia."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijawahi kuolewa."

Lameki akatabasamu kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba haumwi. Akageuza kioo cha kompyuta. Juu yake kulikuwa na mstari mwekundu uliopanda na kushuka, kupanda na kushuka.

"Hapa unaingiziwa fedha na watu mia mbili. Hapa unanunua shela. Hapa akaunti inabaki tupu. Wiki mbili baadaye, watu mia mbili wengine. Mama, huu ni moyo usiotulia."

"Huo ni mchele, mwanangu. Mchele, mafuta, na kukodi viti."

"Kwako ni mchele. Kwa Mjuzi ni tabia."

"Basi mrekebishe."

"Mjuzi harekebishwi. Anajifunza. Ukianza leo kuishi kama mtu asiyeolewa, ukanunua mkate nusu, nyanya mbili, sabuni ile ndogo, taratibu ataanza kukuamini. Tunakadiria miaka mitatu ya utulivu."

Sikudhani akahesabu atakuwa na miaka mingapi.

"Na wewe mwenyewe, Lameki," alisema hatimaye, "ukiniangalia hivi nilivyokaa hapa, unamwona mwanamke wa waume kumi na wanane?"

Lameki akamtazama, na kwa kitambo kidogo ikaonekana kama angetoa jibu. Kisha akainamia kompyuta. "Mimi sijaajiriwa kuangalia watu, mama. Pia nikujulishe kwamba tumeifunga akaunti yako kwa usalama wako, mpaka waume zako wakubaliane nani msimamizi. Na mwanamume yeyote atakayekutumia fedha kuanzia sasa ataingizwa kwenye orodha yao."

"Kaka yangu je?"

"Ningemshauri asitume."

Sikudhani akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Mwanangu, umesomeshwa ukasomeka. Pole."

*

Habari zilifika Nyuma ya Soko kabla ya Sikudhani, maana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikuwa na kinywa. Alipofika nyumbani alikuta kamati imeshakaa uani, ikiongozwa na Shangazi Tabu, dada wa marehemu baba yake, mwanamke ambaye akikohoa mikutano huanza.

"Tumesikia," Shangazi Tabu alisema. "Waume kumi na wanane, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunisalimia. Umeniletea wakwe wa ajabu, mwanangu."

"Shangazi, tuahirishe."

"Mchele umeshanunuliwa. Mbuzi wameshajua. Cheti ni kazi ya serikali, harusi ni kazi yetu. Wao ikiwashinda ya kwao, sisi tufanye ya kwetu."

"Na michango iliyobaki? Akaunti imefungwa."

Hapo wanaume wakaanza kuangalia viatu vyao. Hakuna aliyetaka kutuma shilingi akaamka mume wa kumi na tisa, hasa wale waliokuwa wamekaa karibu na wake zao. Katibu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akauliza kama mtu akituma kwa jina la mkewe atahesabiwa mume au wifi.

"Basi hatutumi," Shangazi Tabu akaamua. "Wala hatununui. Zimeni simu zenu zote mpaka harusi iishe. Mwenye vitunguu alete vitunguu. Mwenye mkaa alete mkaa. Asiye na kitu alete mikono. Huyo Mjuzi akitaka kujua tunakula nini, aje na sahani."

Ikawa hivyo. Toka jioni ile kata nzima ilizima simu. Muuza mkaa akapewa vitunguu, muuza vitunguu akashonewa gauni, fundi cherehani akatengenezewa jokofu na Kibwana, aliyesema akitulia kwenye jokofu hapati nafasi ya kuwaza Jumatatu. Wapiga matarumbeta walikubali kulipwa kwa pilau, na wakataka ya awali palepale. Ijumaa ikapita bila mtu kununua hata njiti ya kiberiti. Watu wazima walishangaa walivyoanza kubisha hodi kwa majirani.

Usiku Sikudhani alipakwa hina. Alicheka na wenzake, lakini kila aliyetoka nje alimkuta Kibwana amekaa kwenye ngazi, akipanga na kupangua begi moja. Nguo zake upande wa kushoto, na upande wa kulia akiacha nafasi.

*

Jumamosi saa nane mchana, matarumbeta yakiwa yamechangamka na mabibi wakicheza mstari mmoja kuzunguka turubai, ikaingia misafara miwili ya magari meusi ikipepea bendera nusu mlingoti. Akashuka Waziri Malogo katika suti nyeusi. Nyuma yake Lameki na kompyuta yake, Bwana Nyangasa na begi lake, na askari kumi na wawili waliobeba mashada ya maua.

Matarumbeta yakanyamaza moja moja. La mwisho lilichelewa kidogo.

Waziri akafungua karatasi. Alikuwa amezoea kusoma bila kuinua macho, na ndiyo sababu hakuona shela. "Ndugu marehemu," alianza.

Watu wakaangaliana.

"Ni kwa masikitiko makubwa kwamba Serikali yenu, kupitia uchambuzi wa kina wa mienendo, jana asubuhi ilibaini kuwa wateja elfu mbili na mia tatu wa kata hii wameacha kununua chumvi, sukari, vocha na kiberiti, kwa pamoja na kwa ghafla. Mjuzi hakuacha shaka. Mmetutoka. Mmetutoka mkiwa bado mnahitajika, hasa kwenye kodi ya majengo."

"Mheshimiwa," Shangazi Tabu alisema kutoka mstari wa mbele, "karibu. Pilau bado ya moto."

Waziri akainua macho. Akaona turubai, mabibi, mbuzi aliyechomwa, na umati wa marehemu wenye afya. Akamgeukia Lameki. Lameki akaangalia kompyuta, akaangalia watu, akarudi kwenye kompyuta ambako kulikuwa na uhakika zaidi.

"Kwa mujibu wa mtambo, Mheshimiwa, hapa hakuna mtu."

"Ninawaona."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Lakini siku tatu za maombolezo zimeshatangazwa, na rambirambi za nchi jirani zimeshapokelewa. Wamo waliotuma fedha."

Waziri alifikiri kwa kina kuhusu hizo fedha. "Basi tuheshimu takwimu," alisema, akaketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, akapokea sahani ili ale kwa niaba ya wafiwa.

Sikudhani alikuwa amesimama karibu na keki, na shela lake limeshikwa nyuma na watoto wa kaka yake. Maneno yale yalikuwa yakimzunguka kichwani. Akainua shela usoni, akamfuata Bwana Nyangasa, aliyekuwa anatafuta meza ya kuwekea daftari la vifo.

"Bwana Msajili, shikamoo."

"Marahaba, mama. Poleni sana kwa kujipoteza."

"Na mimi nimo humo?"

Akapekua. "Umo. Ulifariki jana saa nne asubuhi. Na Kibwana saa nne na dakika mbili. Inaelekea kwa majonzi."

"Mwanamke akifa, ndoa yake inakuwaje?"

"Inakoma."

"Nilikuwa nazo kumi na nane."

"Zote zinakoma," Bwana Nyangasa alisema, na kalamu ikaanza kwenda polepole mkononi mwake. "Mjuzi atakuwa ameshazifuta."

"Kwa hiyo leo sina mume."

"Kwa leo, mama, huna hata mmoja."

"Hebu nisomee fomu ya ndoa. Inauliza nini?"

Alikuwa nayo ndani ya begi, maana hakuwahi kuzitenganisha kazi zake. Akaisoma kwa sauti mbele ya Kibwana, aliyekuwa amesogea na mkono mmoja umeshika upindo wa koti lake. Majina kamili. Umri. Je, mwombaji ana mume? Je, bwana harusi ameridhia? Mashahidi wawili. Akaigeuza nyuma, akaipitia tena mbele. Waliotunga fomu ile walikuwa wamefikiria mambo mengi, wamefikiria hata rangi ya wino, lakini hapakuwa na mahali popote panapouliza kama waombaji wako hai.

Bwana Nyangasa akamwangalia Waziri. "Mheshimiwa, marehemu hawa wanaomba kuoana."

Waziri alikuwa na mfupa mdomoni. "Takwimu zinasemaje?"

"Hawana ndoa nyingine yoyote."

"Sheria inakataza?"

"Haikuwafikiria."

"Basi usiiletee sheria mawazo," Waziri alisema, akaomba kachumbari.

Cheti cha ndoa kikawekwa juu ya daftari la vifo, kwa kuwa ndilo lililokuwa gumu, kikagongwa mhuri. Lameki akatakiwa kuwa shahidi wa pili, na akatia saini baada ya kuambiwa pa kutia. Kisha mabibi wakapiga vigelegele, na Shangazi Tabu akawaamuru askari waweke mashada chini kando ya keki wakanawe mikono.

*

Jumatatu jioni, huko Mpakani, ofisa utumishi wa kiwanda cha barafu alikishika cheti kwa vidole viwili, akakisogeza kwenye taa, akakisoma na kukirudia. Mbele yake walisimama mwanamume mwenye begi moja lililojaa pande zote mbili na mwanamke mwenye hina mbichi.

"Mimi huwa sipendi kuuliza mambo ya ndani ya watu," alisema. "Lakini kumbukumbu za benki zinasema nyote wawili ni marehemu."

"Ndiyo," Sikudhani alisema.

"Mhuri ni wa kweli?"

"Ni wa kweli. Waziri alikuwepo."

Ofisa akafungua kitabu cha kanuni za nyumba, akafuata mistari kwa kidole mpaka chini ya ukurasa. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa nyumba namba saba. Alipokuwa akiutoa akakumbuka jambo, akaurudisha kifuani kidogo.

"Posho ya chakula hatutawalipa. Mkaguzi atatuuliza wafu wanakula nini."

Sikudhani akanyoosha mkono wenye hina, akauchukua ufunguo. Akauliza jiko liko upande gani.